Sitini na Tatu Kati ya Sabini

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na kazi ninayoipenda kuliko zote ni kusahihisha. Nikishika kalamu nyekundu najiona hakimu. Mwanafunzi akija na karatasi yake akaniambia, mwalimu, hapa ulikosea kujumlisha, namwambia akae chini, kisha najumlisha upya nikiwa peke yangu. Alama ni alama. Sasa mtu wa namna hiyo ukimwambia kwamba duniani kuna kampuni zinazotoa alama kwa sarafu, atapona kweli?

Mambo yenyewe yako hivi. Unatuma sarafu yako, wataalamu watatu wanaiangalia kila mmoja kwa zamu yake bila kujua ni ya nani, halafu wanaipa namba, kuanzia moja mpaka sabini. Moja ni ile iliyosagika mpaka hujui kama ni sarafu au kifungo cha koti. Sabini ni ile iliyotoka kiwandani ikawekwa isiguswe na binadamu. Ikishapata namba yake, inafungiwa ndani ya kisanduku kigumu cha plastiki kinachoonyesha kilichomo, kina lebo, na kina dhamana: ikigundulika kuwa ni bandia, au wameipa namba kubwa kuliko inavyostahili, kampuni inalipa. Sharti ni moja tu. Kisanduku kisifunguliwe. Kikishafunguliwa dhamana imekufa, maana nani atajua umetoa nini humo na kutia nini.

Sharti hilo nililipenda sana. Niliwasomea hata wanafunzi wangu, ingawa siku hiyo tulikuwa kwenye mada ya mito.

Mama yangu anaishi nasi, chumba cha mbele, kiti chake karibu na redio. Macho yake yalianza kufifia zamani, na siku hizi anachotofautisha ni mwanga na giza, basi. Ana sarafu moja ya fedha yenye kichwa cha mfalme mwenye ndevu. Marehemu baba alimpa siku aliyomchumbia, kwa kuwa uwezo wa kununua pete hakuwa nao. Akisikiliza redio, sarafu iko kiganjani. Akisali, iko kiganjani. Akigombana na mke wangu kuhusu chumvi, iko kiganjani pia, na ugomvi huwa mfupi.

Ndiyo nikaomba sarafu hiyo niitume ikapimwe. Nilimweleza mama kwamba ni kwa faida yake, ajue mumewe alimwachia kitu cha maana. Uongo mtupu. Ukweli ni kwamba nipo kwenye kundi la simu la wakusanyaji wa sarafu, na humo mimi ni mtu mwenye sarafu tatu za kawaida na maoni yasiyo na idadi. Nilitaka namba ya kuwakomesha wenzangu.

Mama aliigeuza geuza kiganjani, akaniuliza, "Itarudi?"

"Mama, ina dhamana."

"Sikukuuliza hilo," akasema. Lakini aliitoa, kwa sababu mimi ni mwanawe na nilikuwa nimeshanyoosha mkono.

Mtu mwenye akili angeipiga picha vizuri, mbele na nyuma, kabla ya kuituma. Mimi niliipiga moja, upande wa kichwa, mkono ukitetemeka kwa furaha, na picha ikatoka kama mfalme amepigwa upepo. Sikuona haja ya kurudia. Wataalamu si wangeiangalia?

Ilirudi. Sitini na tatu. Jamani, sitini na tatu kati ya sabini! Niliweka picha ya lebo kwenye kundi la simu. Nikaiweka tena jioni kwa wale waliokuwa kazini asubuhi. Shuleni nilikipitisha kisanduku chumba cha walimu, na mwalimu wa hisabati aliposema kwamba hiyo ni kama asilimia tisini, nikamwambia si kama, ni tisini kamili. Nilivimba kichwa kwelikweli. Kila jioni nilifungua tovuti ya kampuni, naingiza namba ya usajili iliyo kwenye lebo, na picha ya sarafu yangu inatokea kwenye skrini, kubwa, safi. Naitazama. Naifunga. Naifungua tena.

Ila kulikuwa na kitu. Mfalme niliyekua naye nyumbani alikuwa na ndevu zilizolala, kidevu kimoja laini, kwa jinsi dole gumba la mama lilivyompitia miaka nenda rudi. Huyu wa kisandukuni ungeweza kumhesabu unywele mmoja mmoja. Niliona. Sitadanganya kwamba sikuona. Nikajiambia taa za nyumbani kwetu ni hafifu. Nikajiambia jasho la mkono huwa linajenga utando, na hao jamaa bila shaka wana dawa ya kuuondoa. Nikajiambia wao ni watatu na mimi ni mmoja. Nilijitungia swali, nikajijibu mwenyewe na nikajipa alama zote.

Nilipomkabidhi mama kisanduku, alikipapasa pande zote.

"Iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, iko humo ndani."

"Umejuaje kama iko humo?"

Nikamsomea lebo. Nilimsomea yote, na namba ya usajili juu. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akakiweka kisanduku juu ya redio na hakukigusa tena.

Mke wangu ndiye aliyeliona tatizo kwanza. Aliniita jikoni akaniambia mama siku hizi anasugua kidole kwa kidole muda wote, kama anayetafuta kitu kilichomponyoka, na usingizi hana. Nikasema ni uzee. Mke wangu akaniangalia tu. Nimeoa mwanamke anayejua kuangalia.

Nyonga ya mama ilikuwa ikimsumbua muda mrefu, na mwezi uleule daktari akasema haina ujanja tena, lazima apasuliwe, na kitanda kimepatikana. Mama akakataa. Hakupiga kelele, alisema tu kwamba haendi kupasuliwa mkono mtupu. Nikambembeleza. Nikaleta kisanduku, nikamwambia haya, shika, sarafu si hii hapa? Akasema hicho ni kisanduku. Nikamweleza kwamba nikikifungua dhamana inakufa, na kwamba dhamana ndiyo inayotuhakikishia kuwa kilicho ndani ni halali. Akaniambia nimpe yeye aishike, atanihakikishia mwenyewe. Daktari akapiga simu kuuliza kama tunakuja au ampe mtu mwingine kitanda.

"Dhamana inamsaidia nani humu ndani?" mke wangu akaniuliza. "Niambie huyo mtu, nimwite, yeye ndiye aende akapasuliwe."

Basi nikachukua nyundo. Nilikuwa nimeona mafundi wakifanya hivyo: unaviringisha kisanduku kwenye taulo, unagonga pembeni taratibu. Niligonga taratibu, hakikupasuka. Nikagonga tena, kimya. Mara ya tatu nikakigonga kwa hasira ya mtu anayejua kwamba anakosea, plastiki ikatawanyika jiko zima, na mfalme akabiringika mpaka chini ya kabati. Nikalala kifudifudi na mpini wa fagio, mke wangu akinimulikia tochi na kunielekeza kushoto, kulia, si hiyo, hiyo ni punje ya maharage. Mama akauliza kutoka chumbani kwake nini kimevunjika.

"Dhamana," nikamjibu.

Nikampelekea. Aliipokea kwa mkono wa kulia, dole gumba likapita ukingoni mara moja tu. Hata mzunguko hakuumaliza.

"Hii siyo," akasema.

Nilitaka kubisha, mdomo nimeshaufungua. Akaendelea kwa utulivu, na hapo ndipo nilipolisikia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Macho yalipoanza kumwisha, alisema, siku moja nusura amlipe muuza mkaa kwa sarafu ile, ilikuwa imechanganyika na chenji. Baba aliposikia akachukua tupa, akaichonga pengo dogo ukingoni, juu kabisa ya kichwa cha mfalme, ili mkewe aijue kwa kidole. "Hii ni nzima," mama akasema, akanirudishia. "Ni ya mtu. Mrudishie mwenyewe."

Nilipiga simu kampuni. Alipokea binti mwenye sauti ya upole kabisa. Nikaeleza kila kitu, akaniuliza kama kisanduku kimefunguliwa. Nikasema kimefunguliwa, ila. Akasema pole sana. Nikasema kuna shahidi, mama yangu mzazi, anayeijua sarafu yake kuliko mtu yeyote, na ameshika hii akasema siyo. Akauliza kama mama ni mtaalamu anayetambuliwa. Nikasema hapana, mama ni kipofu. Hapo hata mimi nikajua kesi imenielemea. Ningepiga kabla ya kugonga, akaniambia, wangeilinganisha na kumbukumbu zao. Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa na wiki kadhaa za kupiga na nilizitumia kujisifu?

Nilikaa mezani nikafungua ile tovuti yao, kwa mazoea tu, kama mtu anayefungua jokofu huku akijua hamna kitu. Nikaingiza namba yangu ya usajili. Mfalme wa watu akatokea. Kisha, sijui niliongozwa na nini, nikabadilisha tarakimu ya mwisho nikaweka inayofuata.

Alikuwa yeye. Kidevu laini, ndevu zimelala, na juu ya kichwa, ukingoni, pengo la tupa. Mwili ulinisisimka mpaka nikasimama. Bila shaka sarafu mbili za aina moja zilifika kwao pamoja, mtu akazichanganya kwenye bahasha kabla wataalamu hawajaziona. Wataalamu hawakukosea. Kila sarafu ilipewa inachostahili, ila kila moja ikarudi kwa mtu asiyestahili. Chini ya ile picha paliandikwa kilichoandikwa kwenye lebo ya sarafu ya mama, nikakisoma na nikaamua sitamwambia.

Nikaandika kwenye lile kundi la simu: namtafuta mwenye kisanduku chenye namba fulani, ni jambo la mgonjwa. Jibu lilikuja kutoka kwa mtu tunayemwita Fundi Friji, kwa kuwa anatengeneza majokofu. Hakuandika neno. Alinirudishia ujumbe wangu mwenyewe. Wiki chache kabla alikuwa amelalamika kwenye kundi kwamba alituma sarafu nzuri na amerudishiwa iliyochakaa, na mimi, nikiwa bado moto na sitini na tatu yangu, nilimjibu mbele ya watu wote. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Niliusoma ule ujumbe nikatamani simu inimeze.

Nilimpigia. Niliomba radhi kwanza, nikaeleza baadaye. Fundi alinisikiliza, kisha akanieleza hali yake, na haki yote ilikuwa upande wake. Kisanduku chake kilikuwa kizima. Malalamiko yake yalikuwa yamepokelewa. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya na kusubiri, dhamana imfanyie kazi. Akikikata ili ampe mama sarafu yake, dhamana yake inakufa kama yangu, na yeye atabaki na sarafu iliyo uchi pamoja na neno la mtu aliyemwambia akapimwe macho.

"Mama analazwa lini?" akauliza.

Nikamwambia kwamba amekubali kulazwa, ila karatasi ya upasuaji hajaweka kidole. Anaisubiri sarafu.

Fundi alikuja wodini mchana wa siku iliyotangulia upasuaji, na begi lake la vifaa begani, ametoka kwa mteja. Alimwamkia mama shikamoo, mama akaitikia marahaba na kumuuliza watoto hawajambo. Kisha akasogea dirishani na ile sarafu yangu, yaani yake, akatoa kioo cha kukuzia mfukoni. Aliitazama muda mrefu. Nilisimama nyuma yake nikijihisi mwanafunzi anayesubiri karatasi, na niseme wazi, sikuipenda hali hiyo hata kidogo. Mwishowe akanionyesha doa jeusi pembeni mwa namba za mwaka. Ndiyo yake, akasema.

Nikadhani mambo yameisha. Akaketi kwenye kiti cha wageni, akaweka kile kisanduku kizima juu ya paja na koleo juu yake.

"Kabla sijakata," akasema, "Mwalimu, nisomee ule ujumbe. Kwa sauti, na mama asikie."

Wodi ilikuwa na vitanda sita na vyote vilikuwa na watu. Nilimwangalia mke wangu anitetee, naye akawa anakunja shuka iliyokwisha kukunjwa. Nikatoa simu nikasoma.

"Ndugu yangu Fundi, sarafu haipimwi kwa mapenzi ya mwenyewe. Wazazi wote huona watoto wao wana akili, mpaka matokeo yatoke. Wataalamu watatu wameiona, wewe ni mmoja. Kama macho yako yanaona tofauti, nakushauri kwa upendo, kapime macho. Namba haidanganyi."

Mgonjwa wa kitanda cha dirishani alicheka mpaka akashika mshono wake. Wa kitanda cha pili akaomba nirudie ile ya kapime macho, hakuisikia vizuri. Mama akauliza ni nani aliyeandika maneno hayo. Nikasema ni mimi, mama. Akasema, "Nilijua tu."

Fundi hakucheka. Alichukua koleo akakata kona ya kisanduku, kisha kona ya pili, taratibu, kwa mkono wa mtu anayejua plastiki inapokubali. Hakuna kipande kilichoruka. Akakifungua, akamwekea mama sarafu kiganjani na kumfunga vidole juu yake.

Mama aliipapasa. Dole gumba lilizunguka ukingo, likafika, likakaa. Mabega yake yakashuka, na ndipo nilipotambua kwamba tangu nitume ile sarafu yalikuwa juu muda wote. Nilikuwa nikila naye meza moja na sikuyaona.

"Haya," akasema baadaye, "mliniambia inakwenda kupimwa. Wameipa ngapi?"

Mke wangu akaniangalia. Fundi naye akaniangalia, lebo ikiwa mkononi mwake. Nilifikiria kumtajia namba yoyote tu, namba nzuri. Nani angejua? Lakini sauti ya kusoma ule ujumbe ilikuwa bado masikioni mwangu.

"Hawakuipa namba, mama. Wameifungia tu, wakaandika imeharibiwa. Tupa, ukingoni. Haistahili namba."

Nilijiandaa aumie. Alicheka. Alicheka mpaka nyonga ikamkumbusha ilipo, akanishika mkono ili atulie.

"Basi hao watu wanaona," akasema. "Wewe umekua nayo nyumba moja, hukuona."

Kwa mara ya kwanza maishani sikutafuta jibu. Fundi akaiviringisha sarafu yake kwenye leso, akaaga. Nilimsindikiza mpaka getini nikimuuliza kama ataituma tena ikapimwe. Akasema atafikiri, kwanza ana friji mbili za watu. Mama alipoletewa karatasi aliweka kidole hapo hapo.

Asubuhi nesi alikuja kumwandaa. Alimvua hereni, akamvua pete ya mke wangu aliyokuwa amevishwa kwa ajili ya baraka, kisha akaukuta mkono wa kulia umefumbwa. Kitu cha chuma hakiingii chumba cha upasuaji, akasema. Damu ilinipanda. Nilianza kueleza habari ya plastiki, bahasha, tupa na Fundi, nikafika mpaka kwenye mito nadhani, nesi akinitazama kama anayetafuta kitanda cha kunilaza mimi. Mama akanikatiza. Alinyoosha mkono wake kuelekea sauti yangu, akaufumbua.

"Nishikie, mwanangu. Usiiangalie. Ishike tu."

Wakamsukuma, milango ikajifunga nyuma yake. Nikakaa kwenye benchi la korido karibu na mke wangu, ngumi nimeifunga. Niliogopa. Niliogopa kama mtoto, na sikuwa na namba yoyote ya kujipoza nayo. Dole gumba langu likaanza kutembea lenyewe ukingoni. Lilipita pengo bila kujua, likarudi, likapita tena. Ni dogo, kumbe. Mara ya tatu likaingia. Nikamwona baba ameinama mezani na tupa, anachonga kidogo anapuliza, anachonga anapuliza, asije akaharibu zaidi ya inavyotakiwa. Sikuwahi kujua kama baba alikuwa na tupa. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, mkono mmoja ulikuwa na kazi na wa pili mke wangu ameushika.

Baada ya muda mke wangu akauliza polepole kama kweli imechakaa kama Fundi alivyolalamika.

"Sijaiangalia," nikamwambia.

Tulikaa mpaka jua likatoka dirisha moja la korido na kuingia la pili. Daktari akapita, akasema imekwenda vizuri. Tulipoitwa, mama alikuwa bado na dawa kichwani, hazungumzi na mtu, lakini mkono wa kulia ulikuwa nje ya shuka, kiganja juu, unasubiri. Nikaiweka. Vidole vikafunga, dole gumba likaenda moja kwa moja penyewe.

"Ina joto," akasema, akalala tena.